Mgowe wa Shamba la Mama Patrick

Ilambilo ni kijiji cha kupitwa. Magari yanayotoka Njombe kwenda Makambako hayakioni, na wenye magari hawana shida ya kukiona. Lazima uiache lami, ushuke bondeni kwenye msitu wa miwati, upande tena mpaka sweta lianze kukuwasha mgongoni, ndipo utayakuta mabati ya kwanza. Watu wa huko hawana mengi ya kujivunia. Lakini mgowe wanao, na ukitaka kugombana nao, udharau mgowe.

Mgowe si kibarua. Mtu akizidiwa na shamba anapika komoni, pombe ya mahindi, kisha anawaita jirani zake waje na majembe. Wanalima pamoja mpaka jua la utosi, wanakunywa, wanaimba, wanataniana matani ya kutoboa mfupa, wanakwenda zao. Kesho wakimwita na yeye, hakuna kusema mgongo unauma. Na kwa kuwa hakuna mwehu wa kuita watu wamlimie shamba lisilo lake, wazee wa Ilambilo walijiwekea sheria fupi: ardhi ikigombaniwa, ulizeni kwanza nani aliita mgowe pale. Aliyeita ndiye mwenye shamba, na wote walioshika jembe siku ile ni mashahidi wake. Mambo ya hati na mihuri yalikuja baadaye, na kwa watu wa Ilambilo bado ni wageni waliosimama nje ya mlango.

Wa kupita nyumba kwa nyumba kuwaita watu alikuwa Amon. Hakuchaguliwa na mtu, alikuwa na sauti tu. Jioni ya kuamkia mgowe alisimama uani kwako, akataja shamba la nani na kazi gani, hanywi hata maji, huyo nyumba ya pili. Mengine yake yalikuwa ya kawaida: viazi, mahindi, nguruwe wawili, mke aliyefariki zamani, na binti mmoja, Rosemary. Kilichomtenga na wengine ni kwamba watu hawakumwuliza swali. Akishasema "kesho kwa fulani," majembe yanaanza kunolewa. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake, na kuna mtu aliiona kuwa ni mali kabla Amon mwenyewe hajaiona.

Mtu huyo ni Elieza. Alizaliwa Ilambilo, akala viazi vya Ilambilo, akaondoka kijana juu ya lori la mbao. Sasa ana yadi ya mbao Makambako, duka la vifaa vya ujenzi, na gari jeupe la kupandia milima ambalo vioo vyake haviteremshwi ovyo. Rosemary alikuwa muuzaji katika duka hilo. Mwezi wa Oktoba, mvua hazijaanza, Elieza alipanda kijijini, akasimamisha gari mbele ya nyumba ya Amon, akashuka, akatoa shikamoo ya mikono miwili.

"Panda tuongee, baba mdogo," alisema, na akafungua mlango wa mbele.

Wa mbele! Tusifichane, hapo ndipo Amon alipouzwa. Maisha yake yote alikuwa amepanda magari ya watu kwa nyuma, juu ya magunia ya viazi, upepo unamtoa machozi. Leo kiti kilimpokea kama mkwe, joto likawa linampanda kutoka miguuni bila moto wala kuni. Alitazama nje kwa siri kuona kama kuna jirani anayepita. Alitamani apite hata mmoja.

Elieza akamweleza. Anataka kupanda parachichi, miche inakuja na Fuso, wanunuzi wapo. Amekwisha kuliona shamba, lile la kilimani lenye kijito chini yake.

"Lile la mama Patrick?" Amon aliuliza.

"Hilo hilo. Tumeshaelewana naye. Akirudi kutoka Ikonda tutamalizia."

"Mbona ameniaga na hakunidokeza?"

"Baba mdogo, yule mama ana mgonjwa kitandani. Angekudokeza saa ngapi?" Elieza alicheka, akamgusa goti. "Wewe niitie tu watu. Nikiita mimi watasema tajiri ana kiburi. Ukiita wewe wanakuja. Halafu Rosemary, mtoto ana adabu yule! Nafikiria nimpandishe, asimamie duka zima."

Mama Patrick, jina lake la ubatizo Feliciana, alikuwa mjane na jirani wa Amon wa upande wa juu. Mwanawe, Patrick, alikuwa amevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, na mama yake alikwenda kumuuguza huko Makete, hospitali ya Ikonda, ambako watu wanakwenda wakishakata tamaa kwingine. Alipoondoka, ufunguo wa nyumba na kuku wake alimwachia Amon. Shamba la kilimani alilifyeka yeye na marehemu mumewe, wakapanda milanzi mpakani, ile mianzi ya kugema ulanzi, ikakua ikawa ukuta. Mwaka aliofariki mke wa Amon, viazi vyake vikiozea ardhini kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hajiwezi kwa majonzi, ni mama Patrick aliyewakusanya wanawake wakavichimba vyote, wakavipanga stoo, wakaondoka bila kumgongea mlango.

Kwa hiyo Amon alijua. Asitudanganye mtu kwamba hakujua. Jioni ile, kabla hajatoka kwenda kuita, aliitoa simu, akaitafuta namba ya mama Patrick, akaikodolea macho. Vocha ilikuwemo. Mtandao, ambao Ilambilo huonekana kwa msimu, siku hiyo ulikuwapo. Alijisemea kwamba si uungwana kumsumbua mtu aliye hospitali. Ilikuwa sababu nzuri kabisa, na tangu inazaliwa kichwani alijua kuwa ni ya uongo. Akairudisha simu mfukoni, akaenda kuita watu.

Walikuja wengi. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, nao wakawa wanatokeza mmoja mmoja, majembe begani, kamwene huku na kamwene kule, ndiyo salamu yetu ya kule juu. Walipofika kilimani na kuiona milanzi ya mama Patrick, salamu zikakatika. Hakuna mtu wa Ilambilo asiyelijua shamba la mwenzake. Waliitazama milanzi, kisha wakamtazama Amon.

Juliana, mke wa mwenyekiti wa kijiji, mwanamke asiye na breki mdomoni, ndiye aliyethubutu. "Baba Rose, hapa si kwa mama Patrick?"

Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema ngojeni nimpigie. Watu wangengoja, wangekaa kwenye nyasi na kuvuta sweta shingoni, wala hakuna ambaye angekufa.

"Wameelewana," alisema.

Neno moja tu. Akatema mate viganjani, akainua jembe, akapiga shimo la kwanza, maana mwita watu ndiye anayefungua kazi. Wengine wakafuata. Usiwalaumu sana hao wengine. Kama Amon amesema wameelewana, basi wameelewana. Na wale ambao mioyo yao ilikataa walikuwa na mtoto kwenye yadi ya Elieza, au walitarajia kumpeleka, au walikuwa na ule woga wa kawaida ambao maskini hana haja ya kufundishwa.

Jua lilipochomoza vizuri, gari jeupe likapanda. Elieza alishuka, akasimama karibu na mlango, akawasifu. Kisha akanyoosha kidole. "Na hiyo mianzi itoeni. Inakunywa maji ya miche yangu."

Kung'oa mlanzi uliokomaa si mchezo. Mizizi yake imekumbatiana, ukikata huku inashikilia kule. Wanaume walileta sururu na mashoka, wakatoka jasho katika baridi ile. Shina la mwisho liliwashinda, wakamwita Amon, naye akaliendea kwa hasira ambayo hakuelewa anamkasirikia nani, akalipiga mpaka likaachia. Watu wakapiga makofi. Badala ya komoni Elieza alishusha kreti za bia, watu wakanywa kutoka kwenye chupa kama mabwana. Halafu akawapanga na majembe yao, akamweka Amon katikati, akatoa simu kupiga picha. "Cheka, baba mdogo!" Amon alicheka.

Mama Patrick alirudi mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha. Bodaboda ilimshusha njia panda pamoja na Patrick mwenye magongo, na kwa kuwa njia ya kwake inapita uani kwa Amon, alianzia hapo. Amekonda, lakini uso ulikuwa unawaka kwa furaha.

"Kamwene, baba Rose!"

"Kamwene, mama Patrick. Poleni na safari. Mgonjwa je?"

"Mungu ni mkubwa, hawakuukata. Tumekaa pale tukisali, mimi na mama mmoja kutoka Ludewa, asubuhi daktari akaja akasema mguu unabaki." Alikuwa anafungua kitenge huku anasema. "Shika. Ni matunda, epo za Makete. Nilisema siwezi kupita kwa baba Rose mikono mitupu, mtu aliyeniangalizia nyumba muda wote huo."

Amon alizipokea kwa mikono miwili. Akamrudishia ufunguo. Akawakaribisha chai.

"Chai tutakunywa kesho," alisema mama Patrick. "Ngoja Patrick apumzike hapa kwako kidogo, mimi nikalione shamba. Mvua hizi zimenikuta sijapiga hata tuta moja. Aibu gani hii, na majirani wote wameshapanda!" Akacheka, akajifunga kitenge vizuri, akaanza kupanda.

"Mama Patrick!"

Aligeuka. "Abee?"

Mama Patrick alingoja, amesimama kwa upande, bado anatabasamu.

"Njia inateleza," Amon alisema.

"Nitaangalia," alijibu, akaenda.

Amon alibaki pale na epo zake. Patrick alikuwa anamsimulia habari za wodini, na yeye anaitikia eeh, eeh, huku masikio yote mawili yako kilimani. Alikuwa anangoja yowe. Angepiga yowe angepata nafuu, angekimbia huko juu pamoja na watu wengine, angeshangaa nao, pengine aibu ingepata pa kujificha katika makelele. Yowe halikuja. Baadaye sana mama Patrick alishuka, matope mpaka magotini, akamwita mwanawe kutoka njiani bila kuingia uani. Hakumtazama Amon. Wala hakuacha kumtazama kwa makusudi, kama wafanyavyo watu walionuna. Alipita tu.

Epo zile hakuzila. Aliwamwagia nguruwe, akasimama kuwatazama wakizitafuna, akajikuta anaona aibu hata mbele ya nguruwe.

Mama Patrick hakuja kumwuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, Kornelio, akashitaki kwamba shamba lake limepandwa parachichi na mtu asiyewahi kuelewana naye jambo lolote, hata bei ya msumari. Baraza likaitwa. Ofisi ya kijiji ilijaa mpaka madirishani, watu wamebanana na makoti yao yanayonuka moshi na mvua. Elieza alikuja peke yake. Watu walidhani ataleta wakili kutoka Njombe mjini, au mafaili. Akaja na simu yake na heshima nyingi.

"Mimi ni mtoto wa hapa," alisema. "Sikuja na sheria za mjini. Mnajua wenyewe mila yetu inauliza nini. Basi ulizeni." Akawasha ile picha, akampa Kornelio, na simu ikapita mkono kwa mkono: Ilambilo nzima na majembe, Amon katikati anacheka.

Kornelio alikuwa mtu mwema na dhaifu, mchanganyiko unaoharibu vijiji vingi. Alikohoa, akamwita Amon mbele.

"Amon, nani aliita mgowe ule?"

"Mimi."

"Mgowe wa nani?"

"Wa Elieza."

Yote kweli. Ukweli mtupu, hakuna neno la kuondoa. Mama Patrick alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono juu ya magoti. Kornelio alipangusa paji la uso. Hakutaka kuuliza swali lililobaki, lakini ndilo ambalo mila inadai, na watu walikuwa wanalingoja.

"Tangu uanze kuwaita watu, umewahi kutuita kwenye shamba la mtu mwingine?"

Hapo sasa. Akisema ndiyo, nimewaita juzi, nimewapeleka mchana kweupe mkaibe shamba la mjane anayeuguza, basi kila aliyemo humo ndani ni mwizi, na yeye ndiye kiongozi wao. Rosemary anarudi nyumbani na begi lake. Na lile jina, Amon haulizwi, linakufa hapo hapo sakafuni. Aliona nyuso za majirani zake. Zilikuwa zinamwomba. Ndiyo, zilikuwa zinamwomba aseme uongo, kwa kuwa uongo wake ungewasafisha wote. Juliana peke yake alikuwa amekunja uso. Amon akamtazama mama Patrick. Mama Patrick aliinamisha macho, polepole, kama mtu anayempisha mwenzake avae nguo.

"Sijawahi," alisema Amon.

Pumzi ikashuka chumba kizima.

Kornelio akamgeukia mjane. "Mama Patrick, una neno?"

Alisimama. Watu walitega masikio, na wengine walitamani alaani, maana laana nayo ni malipo, ukishalaaniwa mmemalizana. "Kama ni Amon aliyesema," alijibu, "mimi nina nini cha kuongeza?" Alimwita Amon, hivyo hivyo, bila baba Rose. Akafunga kitenge chake, akatoka. Wenyewe tunasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Siku ile Ilambilo ilifanya nusu ya kwanza, ikaenda nyumbani kula.

Mama Patrick angeweza kukata rufaa Njombe. Lakini huko nako wangemtaka alete mashahidi, na kila mtu mwenye mikono Ilambilo alikuwa kwenye picha. Alipita nyumba mbili tatu kuomba. Mmoja alikuwa na safari, mwingine meno yalikuwa yanamuuma. Kwa Amon hakupita. Amon alikaa uani kila jioni akimngoja, ameshapanga atakalomwambia, na kila jioni alimwona akishika njia ya kuzunguka chini kwenye miwati, njia ndefu, yenye matope, ili asipite pale.

Aibu ikikaa sana inageuka ugonjwa. Amon hakulala, chakula kikawa hakina chumvi. Asubuhi moja akavaa koti lake la kanisani, akapanda Kosta mpaka Makambako. Upepo wa Makambako haupigi hodi, unaingia na mchanga wake, na yadi ya Elieza iko mahali ambapo unapiga zaidi, kando ya barabara ya malori. Walimkalisha juu ya rundo la mbao mpaka Elieza alipomaliza kuongea na wateja.

"Nataka nirudi barazani," Amon alisema. "Nikaseme kweli."

Alitegemea hasira. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, na pengine angeiweza. Elieza alikaa karibu naye juu ya mbao, akapangusa vumbi la msumeno kwenye suruali.

"Sema, baba mdogo. Nani amekuzuia? Lakini utasema nini? Kwamba wewe ni mwongo tangu Oktoba? Basi watajuaje kwamba sasa ndiyo unasema kweli? Na wale wote uliowapeleka, wamekukosea nini hata uwaite wezi?" Alisema kwa upole kabisa. "Miche imeshashika. Mimi na wewe tumeshashika. Nenda kamsalimie mwanao."

Akamwita kijana wa stoo, akaletewa mabuti ya mpira mapya, meusi, yanayong'aa. "Nilikuwa natafuta msimamizi wa shamba. Mtu wanayemheshimu. Vaa, uone kama ni saizi yako."

Ukiniuliza kwa nini aliyavaa, nitakuambia nilivyoelewa: miguu yake ilikuwa imelowa tangu matope ya njia ya Ilambilo. Mtu aliyekuja kumwaga moyo wake alivua viatu vyake vilivyotoboka, akaingiza miguu ndani ya mabuti ya Elieza, na yalikuwa saizi yake.

Dukani, Rosemary alifurahi kumwona. Alikuwa amevaa sare mpya yenye jina lake kifuani, akamletea soda, akamfuta vumbi begani mbele ya wateja bila kuona haya. "Bosi anakusifu, baba. Anasema bila wewe asingepata lile shamba." Akainamia kaunta, akashusha sauti. "Lakini mama Patrick alilipwa vizuri, si ndiyo? Maana yule mama alinibeba mgongoni mama alipokufa."

"Walielewana," Amon alisema, akaimaliza soda yake.

Mgowe haukuitwa tena shambani kwa Elieza. Kwa nini aite? Shamba lilikuwa lake sasa, na mwenye mali huchukua vibarua. Februari magugu yalipopanda mpaka yakaificha miche, tangazo likapita, na asubuhi watu wakajipanga mstari kwenye kibanda cha vifaa wakisubiri kugawiwa kazi. Amon alikuwa mbele yao na mabuti yake. Walimwamkia vizuri. Hakuna aliyemtania. Zamani mtu asingemaliza salamu bila kumwambia Amon kwamba sauti yake imemfanya kuku atage kabla ya siku zake. Aligawa mistari, huyu huku, yule kule, mpaka akafika mwishoni, akamwona mama Patrick, jembe begani.

Mtu asiye na shamba hula kwa vibarua. Ni jambo la wazi, mtoto mdogo angelijua, na bado Amon hakuwa amelifikiria.

"Kamwene, bosi," alisema mama Patrick.

"Mama Patrick, usiniite hivyo. Nakuomba."

"Msimamizi tunamwita bosi. Nianzie wapi?"

Watu walikuwa wanangoja. Wengine walijifanya wanakaza mipini ya majembe. Amon alisema kwa sauti ndogo, "Kaa kibandani. Utatupikia chai, na kibarua chako nitakihesabu kama cha wengine."

"Nipe kazi ya watu wote, bosi. Nina mgonjwa, sitaki aseme mtu kwamba anakula cha upendeleo." Hakuwa anamkejeli. Kama kungekuwa na kejeli Amon angeishika, angeing'ang'ania. Alikuwa anaongea kama mtu anayeongea na msimamizi. "Nianzie wapi?"

Amon akainua mkono, akamwonyesha. Aliuona mkono wake mwenyewe ukimwelekeza Feliciana njia ndani ya shamba alilolifyeka na mumewe, huu mstari mpaka kule chini, ukimaliza geuka. Mama Patrick aliitikia kwa kichwa, kama mgeni. Akaenda, akainama kwenye mche wa kwanza, akaanza kupalilia. Wengine wakaingia katika mistari yao. Wimbo haukuanza. Kilichosikika ni majembe tu.

Hapo Amon hakuweza tena. Aliingia kibandani, akachukua jembe, akaenda kwenye mstari uliokuwa karibu na wa mama Patrick, akaanza kulima. Alilima kwa nguvu, vibaya, anakata magugu na mizizi, pumzi inamtoka kwa sauti, na kama angeulizwa anafanya nini asingejua kujibu; pengine alitaka tu kuinama mahali ambapo mama Patrick ameinama. Mistari mingine ikasimama. Mama Patrick akaacha kazi, akavuka, akaushika mpini wa jembe la Amon, taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu mkononi.

"Acha, bosi," alisema. "Utajichafua."

"Feliciana—"

"Kazi yako si hii. Kazi yako ni kutuangalia. Basi tuangalie."

Alilichukua jembe, akalilaza kando ya mche, akarudi kwenye mstari wake. Majembe mengine yakaanza tena. Amon alisimama pale pale kati ya miche, na akawaangalia mpaka kazi ilipokwisha.